Kizunguzungu, na Dawa Isiyokuwa ya Kunywa

Kizunguzungu ni katika maradhi ambayo watu huyapuuza mpaka siku yanapowaangusha. Mtu akiwa na homa hulala, na akiwa na jeraha hulifunga. Lakini nyumba ikimzunguka anapoinuka kitandani, husema, "Ni uchovu tu," au, "Sikula vizuri jana," kisha hushika ukuta akaenda zake. Yakizidi, baadhi yetu huyatia katika mlango wa pepo na hasadi, wakatafuta mafusho na makombe. Na wengine hukimbilia duka la dawa wakanunua vidonge vya kutuliza, wakavimeza mwezi baada ya mwezi. Makusudio ya makala haya ni kuwaeleza wasomaji wetu, vijana na wazee, ya kuwa sehemu kubwa ya kizunguzungu hutoka katika sikio, na ya kuwa dawa yake iliyo bora ni kukigeuza kichwa kwa taratibu maalumu na kuuzoesha mwili, kazi ambayo hufanywa na mabingwa wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia.

Kwanza yatupasa kulipambanua neno lenyewe, kwa sababu sisi Waswahili tumeyakusanya mambo mengi chini ya jina moja. Yuko asemaye ana kizunguzungu, na muradi wake ni kwamba akisimama kwa haraka macho humwingia giza, moyo ukampiga, akataka kuanguka. Huyo aghalabu damu yake imeshuka nguvu katika kule kuinuka, ama kwa upungufu wa maji mwilini, kama itokeavyo katika alasiri za Ramadhani zenye joto, ama kwa upungufu wa damu, ama kwa dawa za shinikizo la damu alizopewa. Yuko mwingine ambaye hazungukwi na kitu akilala wala akikaa, ila akitembea huyumba kama mtu aliye chomboni. Na yuko wa tatu, ambaye huiona dari ikizunguka, kitanda kikipinduka na kuta zikikimbia, hali ya kuwa yeye yu mahali pake hakuondoka. Huyu wa tatu ndiye mwenye kizunguzungu cha kweli, ambacho wazee wengine hukiita kisunzi au masua. Daktari ajuaye kazi yake, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni hili: je, wewe ndiwe uliyelegea, au nyumba ndiyo iliyozunguka?

Mwenyezi Mungu amemwekea mwanadamu mashahidi watatu wa kumwambia kama yu wima au ameinama. Wa kwanza ni macho. Wa pili ni nyayo, vifundo na shingo, ambavyo huhisi ardhi na uzito wa mwili. Wa tatu amefichwa ndani ya mfupa wa fuvu, katika sikio la ndani, jirani na kile kikonokono cha kusikilizia. Hapo pana mifereji mitatu myembamba iliyopinda mfano wa nusu ya pete, kila mmoja umeelekea upande wake, na yote imejaa maji. Kichwa kikigeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini maji yaliyomo huchelewa kidogo, kama yachelewavyo maji ya ndooni mtu anapoizungusha ndoo kwa ghafula. Na kule kuchelewa huvipinda vinyweleo vidogo sana, navyo hupeleka habari katika ubongo. Kando ya mifereji hiyo pana vifuko viwili, na juu ya utando wa vifuko hivyo zimetandazwa chembechembe za chokaa, ambazo kwa uzito wake huuambia ubongo chini ni wapi. Chokaa hiyo ni jamii ya lile tumbawe tulilojengea nyumba na misikiti ya pwani, isipokuwa chembe zake ni ndogo mno hata hazitazamwi ila kwa hadubini.

Basi ubaya huanza pale baadhi ya chembe hizo zinapobanduka mahali pake, kwa uzee, au kwa pigo la kichwa, au bila sababu ijulikanayo, zikaingia katika mmoja wa ile mifereji. Mara nyingi ni ule wa nyuma, kwa kuwa ndio ulio chini zaidi. Mtu akiwa ametulia hana habari nazo. Lakini akijilaza, au akijigeuza kitandani, au akiinua uso kutafuta kitu juu ya kabati, au akiinama kuchota maji, chembe huteremka ndani ya mfereji, huyasukuma maji, na sikio hilo likatoa ushahidi wa uongo kwamba kichwa kinazunguka. Macho yasema hakizunguki. Mashahidi wakipingana, ubongo hufadhaika: dunia huenda mbio, macho huchezacheza yenyewe, jasho hutoka, na tumbo hutaka kutapika. Chembe zikitua, nayo hutulia, na kwa kawaida haipiti dakika moja. Ufupi huo, na kule kuja kwake kwa kugeuza kichwa tu, ndiyo alama zake kubwa. Wataalamu wa Ujerumani waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2007 walikadiria kwamba katika kila watu wazima 1,000, wapatao 24 hupatwa na kisunzi hiki wakati fulani wa maisha yao. Na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wazee zaidi kuliko vijana.

Habari ya jinsi maarifa haya yalivyopatikana ni ndefu, nasi tutaipita kwa haraka. Waganga wa Kiislamu wa kale waliyajua maradhi haya, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyazungumza katika kitabu chake cha Qanun kwa jina la duwari. Lakini kwamba asili yake ni sikio, hilo lilikuja kuthibiti karne nyingi baadaye. Robert Bárány, daktari wa Vienna, alikuwa akiosha masikio ya wagonjwa wake akaona kwamba maji yakiwa baridi mno au moto mno mgonjwa hushikwa na kizunguzungu na macho yake yakacheza. Akaifuata njia hiyo mpaka akaeleza kazi ya mifereji ya sikio, na kwa ajili hiyo akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Habari ya tuzo ilimfikia akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi, huko Merv, mji ambao msomaji wa tarehe ya Uislamu haukosi kuujua. Mwaka 1921 alieleza habari za mwanamke kijana aliyezungukwa kila alipolala kwa upande. Kisha mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walitoa njia ya kuyapima maradhi haya, nayo yatumika mpaka leo: mgonjwa huketi juu ya kitanda, kichwa chake hugeuzwa upande mmoja kiasi cha nusu ya njia ya kufikia bega, kisha hulazwa chali kwa upesi hata kichwa kikaning'inia kidogo nyuma, na mpimaji huyatazama macho. Yakianza kucheza baada ya nukta chache, sikio lenye kosa ni lile lililo upande wa chini.

Hata hivyo, kujua ugonjwa si kuutibu, na miaka mingi ilipita wagonjwa wakiambiwa wavumilie. Aliyeipata tiba ni John Epley, daktari wa masikio katika mji wa Portland huko Marekani. Fikira yake ilikuwa nyepesi kabisa: ikiwa chembe zimeingia katika mfereji kwa kuanguka, na zitolewe kwa kuangushwa, mfereji ugeuzwe hatua kwa hatua, kama mtu atoaye gololi katika mpira uliopinda, mpaka chembe zirudi katika kifuko zilimotoka. Mwaka 1980 alipowaonyesha madaktari wenziwe, wengi hawakumsadiki. Walimwona mtu mzima anageuzageuza kichwa cha mgonjwa kisha adai amemponya, nao walizoea kwamba maradhi ya miaka hayaondoki kwa dakika tano. Makala yake ya kueleza tiba hiyo hayakuchapishwa ila mwaka 1992. Twaona hapa ibra moja ndogo, ya kuwa hata mabingwa humkataa mwenzao kwa sababu dawa yake ni rahisi mno.

Jinsi ifanywavyo ni hivi, na tuchukue mfano wa sikio la kulia. Mgonjwa huketi kitandani, miguu imenyooshwa, na kichwa hugeuzwa kulia kiasi kilekile tulichotaja. Hulazwa chali, mto ukiwa chini ya mabega ili kichwa kiiname nyuma. Kizunguzungu kitamjia, na hapo ndipo pa kumshika mkono na kumwambia asiogope. Hungojewa mpaka kikome, nukta 30 hadi dakika nzima. Kisha kichwa, bila ya kuinuliwa, hugeuzwa mpaka kitazame kushoto, hungojewa tena. Kisha mwili wote hulazwa ubavu wa kushoto, na uso ukaelekezwa sakafuni, hungojewa mara ya tatu. Mwisho huinuliwa kwa taratibu akakaa, miguu ikining'inia. Kwa sikio la kushoto hufanywa kinyume chake. Hapana chombo kilichotumika ila kitanda na mikono miwili.

Je, yafaa? Uchunguzi uliokusanya majaribio 11 yenye wagonjwa 745, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliopona kabisa miongoni mwa waliofanyiwa tiba ya Epley ni kama 56 katika 100, ambapo miongoni mwa waliofanyiwa tiba ya uongo au wasiofanyiwa kitu walikuwa 21. Wasiopona mara ya kwanza hurudiwa, na wengi hupona mara ya pili au ya tatu. Hatusemi kwamba ni tiba ya milele. Chembe zaweza kubanduka tena baada ya miezi au miaka, na aliyezijua alama zake atajua pa kwenda. Zamani wagonjwa waliambiwa walale wameketi siku mbili baada ya tiba, lakini mabingwa wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2017 waliiondoa sharti hiyo, kwa kuwa haikuonekana na faida. Katika mwongozo huohuo waliwashauri madaktari wasiyatibu maradhi haya kwa vidonge vya kutuliza kizunguzungu kama jambo la desturi. Vidonge hivyo, sinarizini na mfano wake, humsaidia mtu anayetapika kwa siku chache, lakini haviwezi kuiondoa chembe ya chokaa katika mfereji, tena humtia usingizi, na mzee mwenye usingizi huanguka upesi.

Tufike sasa katika jambo linalowahusu wasomaji wetu hasa. Rukuu na sijida ni miinamo ya kichwa, na mwenye kisunzi cha sikio aghalabu huyaona maradhi yake kwanza katika sala. Wako wazee walioacha kwenda msikitini kwa kuona haya ya kuanguka safuni, na hawakumwambia mtu. Walakini sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kusali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa hulala ubavu, kama ijulikanavyo katika hadithi ya Imran bin Huswain; basi mtu na aitumie ruhusa hiyo siku anazozungukwa, akiashiria rukuu na sijida kwa kichwa kwa kadiri awezavyo, na amwulize mwanachuoni wa mtaa wake kilichomtatiza. Lakini ruhusa ni ya ugonjwa, na ugonjwa huu una dawa. Ni hasara mtu kukaa juu ya kiti miaka mitatu kwa maradhi ambayo yangeweza kuondoka kwa vikao viwili vya tiba.

Pamezuka pia watu wanaopitisha katika simu habari ya kwamba sijida yenyewe ndiyo dawa ya kizunguzungu, na wengine husema madaktari wa Marekani wameithibitisha. Asili ya maneno hayo huenda ikawa ni hii. Mwaka 2012 daktari Carol Foster wa Colorado na wenziwe walichapisha habari za zoezi ambalo mgonjwa hulifanya peke yake nyumbani: hupiga magoti, hutazama juu darini, kisha huweka kichwa sakafuni kama mtu atakaye kupinduka kichwangomba, hugeuza uso kuelekea kiwiko cha upande wa sikio bovu, kisha hukiinua kichwa kwa haraka mpaka kiwe sawa na mgongo, na mwisho huinuka wima. Kwa umbo lafanana na sijida, lakini kule kutazama juu, kule kugeuza uso upande, na kule kuinua kichwa kwa vituo ndiyo tiba yenyewe, na hayo hayamo katika sala. Sisi twasali kwa kuwa tumeamrishwa. Sala haihitaji kupambwa kwa sifa za duka la dawa, na mgonjwa atakayesujudu asipone asije akaambiwa kwamba imani yake ina upungufu.

Kisunzi cha chembe za chokaa si peke yake. Liko jingine ambalo huja kwa ghafula baada ya mafua au bila ya mafua, likamlaza mtu siku mbili tatu anatapika na hawezi kufumbua macho, kwa sababu mshipa wa fahamu wa sikio moja umevimba. Siku hizo zikipita, huinuka, lakini huyumba, na akigeuza kichwa njiani ulimwengu humtetemekea. Hapa kugeuzwa kitandani hakumfai, kwa kuwa hapana chembe ya kutolewa. Limfaalo ni kuufundisha ubongo upya namna ya kuamini sikio moja zima, macho na nyayo.

Ilmu hii ilianzia katika hospitali ya King's College mjini London, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Terence Cawthorne, daktari wa masikio, na F. S. Cooksey, daktari wa tiba ya viungo, waliona jambo la ajabu katika wagonjwa waliopigwa vichwa au kupasuliwa sikio la ndani: wale waliolazwa wakatulizwa walibaki na kizunguzungu, na wale wakorofi walioinuka mapema wakaanza kuzungukazunguka wodini walipona upesi. Wakatunga mazoezi ya daraja kwa daraja, kwanza macho peke yake, kisha kichwa, kisha kuinama na kuokota kitu, kisha kusimama na kutupa mpira kutoka mkono hata mkono, kisha kupanda ngazi. Wagonjwa wakafanya pamoja, kwa michezo, na wakahimizwa kukitafuta kile kizunguzungu badala ya kukikimbia. Maana yake ni kwamba ubongo haujifunzi ila kwa kuonyeshwa kosa lake. Mtu akikaa kimya shingo imekakamaa, ubongo hauna cha kujifunza.

Zoezi moja katika yanayotolewa leo laweza kuelezwa kwa maneno machache. Andika herufi moja kubwa juu ya kadi, ishike mbele yako kwa mkono ulionyooka au ibandike ukutani, uikazie macho, na huku wageuza kichwa kulia na kushoto kwa upesi kiasi cha kwamba herufi bado yasomeka. Dakika moja, mara kadhaa kwa siku, kwanza kwa kukaa, kisha kwa kusimama. Kizunguzungu kidogo kitakuja na kitapita. Baada ya hapo huja kusimama miguu imekutana, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kwa kidole, kisha juu ya godoro, na daima uwe penye pembe ya ukuta na mtu yuko karibu.

Wako pia waliopoteza masikio yote mawili. Mwaka 1952 daktari mmoja aliyejitambulisha kwa herufi J. C. alieleza katika jarida la tiba la New England jinsi sindano za streptomisini alizopigwa zilivyomwondolea kipimo chote cha wima. Hata kusoma kitandani hakuweza mpaka alipokibana kichwa katika vyuma vya kitanda, kwa sababu mpigo wa moyo wake tu ulitosha kuzirukisha herufi. Na akitembea hakuweza kuzitambua nyuso za watu mpaka asimame. Streptomisini ilitumika sana huku kwetu kwa kifua kikuu, na jentamisini, ambayo ni ndugu yake, ingali yatumika katika hospitali kwa maradhi makali. Ni dawa ziokoazo roho, na hatusemi zikataliwe. Twasema kwamba mgonjwa anayepigwa sindano hizo akianza kuyumba au masikio yakamvuma, na amwambie daktari siku hiyohiyo. Mazoezi humsaidia mtu wa namna hii, ingawa hayamrudishii alichopoteza; na nyumbani kwake taa ya usiku ni lazima, kwa kuwa gizani macho yake hayamsaidii.

Jambo hili la taa lawahusu wazee wote. Mzee mmoja akivunjika nyonga kwa kuanguka chooni usiku, nyumba nzima hubadilika: binti huacha kazi kumwuguza, fedha huondoka, na mzee mwenyewe aweza asisimame tena. Vijana wa nyumba na waangalie mikeka ilegeayo, ndoo zilizoachwa njiani, sakafu ya bafu yenye sabuni, na ngazi isiyo na pa kushika. Na bibi akisema, "Nyumba yanizunguka nikilala," asiambiwe kwamba ni uzee.

Liko jambo moja lisilongoja fiziotherapia wala mazoezi. Kizunguzungu kikija pamoja na kupooza upande mmoja, au ulimi kuwa mzito, au kuona vitu viwiliviwili, au uso kupinda, au kichwa kuuma kwa ukali usio wa kawaida, au mtu akawa hawezi kabisa kusimama, hiyo yaweza kuwa ni kiharusi, na mgonjwa achukuliwe hospitali saa ileile, usiku au mchana. Kadhalika sikio likiziba kusikia kwa ghafula. Na mwenye maradhi ya mifupa ya shingo, au aliyevunjika shingo zamani, asigeuzwe kichwa na mtu yeyote kabla ya kupimwa.

Mabingwa wa tiba ya viungo wapatikana katika hospitali kubwa za Tanzania na Kenya, na hufundishwa hapahapa, mathalan KCMC huko Moshi na katika vyuo vya KMTC vya Kenya. Watu wengi wawajua kwa maumivu ya mgongo na kwa waliopooza, hawajui kwamba kizunguzungu nacho ni kazi yao. Si kila mmoja wao aliyezoea kazi hii ya masikio, basi si vibaya kumwuliza kwa adabu, na asiyeizoea atakuelekeza kwa mwenziwe au kwa daktari wa masikio. Kabla ya kwenda, mgonjwa na atazame siku mbili tatu aandike: ni kugeukia upande gani kunakomletea, chadumu muda gani, masikio yavuma au hayavumi, na dawa zote anazokunywa. Ale chakula chepesi, kwa maana huenda akatapika. Avae nguo za kumruhusu kulala na kugeuka, na mwanamke akipenda afuatane na ndugu yake au aombe ahudumiwe na mwanamke. Na kurudi asipande pikipiki wala asiendeshe gari mwenyewe siku hiyo, hata akijiona amepona.